Walikwenda wapi mamalia wakubwa wa kale? Kutoka Tendaguru hadi tembo wa Liwale

Mkazi wa Lindi ukimtajia mifupa mikubwa ya kale, mawazo yake yanakwenda kilima cha Tendaguru, kwa yule mjusi aliyepelekwa Ujerumani. Ana haki. Kati ya mwaka 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yaliyoishikilia zilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kazi ya uchimbaji ilisimamiwa kwa kiasi kikubwa na Boheti bin Amrani, fundi ambaye mwaka 2007 wataalamu walimkumbuka kwa kumpa dinosaria mmoja jina la Australodocus bohetii. Leo mjusi mwenyewe amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo kinazidi mita 13.

Habari hiyo kubwa, pamoja na heshima yake yote, imezaa mkanganyiko ambao hata wanafunzi waliofaulu vizuri hawajaachana nao. Watu wengi huwatia kapu moja dinosaria, mamothi wenye manyoya (jamaa wa kale wa tembo), vifaru wakubwa wa kale na tembo wenye pembe za ajabu, wakidhani wote waliishi pamoja na wakafa siku moja lilipoanguka jiwe kutoka angani.

Tendaguru yenyewe inatusaidia kulifungua fundo hili. Katika tabaka zilezile zenye umri wa miaka kama milioni 150, wachimbaji walipata kipande cha taya lisilo na meno, la mamalia mdogo mwenye umbo la kukaribiana na panya. Mwaka 1927 Wilhelm Otto Dietrich alimpa jina la Brancatherulum tendagurense. Mabaki mengine ya mamalia wadogo wa namna hiyo yametambuliwa baadaye kutoka kilima hichohicho. Huyo ndiye aliyekuwa jamaa yetu, sisi wenye kunyonyesha, siku zile mijusi ilipokuwa ikikanyaga ardhi ya Lindi. Mamalia wenye ukubwa wa tembo hawakuwapo kabisa.

Mamalia wengi waliendelea kuwa wadogo kwa zaidi ya miaka milioni 80 mingine. Kisha, miaka milioni 66 iliyopita, jiwe kubwa la angani likapiga mahali panapoitwa leo Chicxulub, nchini Mexico. Dinosaria wakaisha, isipokuwa ukoo wao uliozaa ndege. Nafasi za walaji wakubwa wa majani zikabaki wazi, na mamalia ndio walioanza kuzijaza, taratibu, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo jiwe la Chicxulub halikuwaua mamalia wakubwa. Ndilo lililowafungulia mlango. Kilichowaua ni kitu kingine, na hakikuchukua siku moja.

Faida ya mwili mkubwa, na deni lake

Mnyama mkubwa hutembea mbali kufuata maji. Hupoteza joto polepole. Tumbo lake huweza kukaa na majani makavu yasiyo na lishe kwa muda mrefu hadi yatoe chochote. Akishakomaa, simba humpitia mbali. Haya yote yana thamani kubwa pale ambapo msitu unapungua na nchi inakuwa wazi, kavu na yenye nyasi.

Mabadiliko hayo ya dunia yameandikwa kwenye udongo wa pwani yetu pia. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi umehifadhi, kwa ubora unaopatikana sehemu chache sana duniani, magamba ya viumbe wa baharini wadogo wasioonekana bila hadubini. Katika miaka ya 2000 wanasayansi walitoboa ardhi hiyo, wakatoa nguzo ndefu za udongo, wakapima kemia ya magamba hayo. Yalionyesha jinsi hewa ya kaboni dayoksaidi ilivyopungua na dunia ilivyopoa miaka kama milioni 34 iliyopita, barafu ilipoanza kutanda Antaktika. Natamani shule zetu za Lindi na Mtwara zingelifundisha hili kwa nguvu ileile tunayotumia kumzungumzia mjusi.

Katika dunia hiyo iliyopoa, huko Asia, alitembea Paraceratherium: kifaru asiye na pembe, karibu mita 5 begani, uzito unaokadiriwa kuwa tani 15 hadi 20. Huo ni uzito wa madume watatu wa tembo wa leo. Wachache sana, kama wapo, ndio waliowahi kumzidi kati ya mamalia wote wa nchi kavu.

Lakini mwili mkubwa una deni. Tembo hubeba mimba miezi 22, huzaa ndama mmoja, kisha hupita miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka kumi na kitu. Kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa ndivyo uzazi wake unavyokuwa wa polepole, na deni hili ndilo ninaloomba msomaji alishike, kwa sababu mabishano yote ya wataalamu kuhusu nani aliwaua wanyama hawa hatimaye yanarudi hapo.

Majitu ya Afrika Mashariki

Mwaka 1912 msimamizi wa uchimbaji wa Tendaguru alikuwa Hans Reck. Mwaka uliofuata akaelekea kaskazini, kwenye bonde la Olduvai. Mtu mmoja, miaka miwili, akashika mifupa iliyotenganishwa na karibu miaka milioni 150. Tembo wa kale aliyeenea Afrika Mashariki, Palaeoloxodon recki, amepewa jina lake.

Olduvai ilikuwa na mamalia ambao wangemshangaza hata mwindaji mzoefu wa Liwale. Deinotherium alifanana na tembo, lakini pembe zake zilitoka kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Sivatherium alikuwa wa ukoo wa twiga, shingo fupi, mwili mzito kama wa ng'ombe, pembe pana kichwani. Pelorovis alikuwa jamaa wa nyati mwenye pembe ndefu zilizopinda, na kiboko wa zama hizo, Hippopotamus gorgops, macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko tunayemwona Rufiji au Ruvuma.

Hawa walipungua mmoja mmoja kwa mamilioni ya miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipanga visukuku vya Afrika Mashariki kwa zama na ukaonyesha kuwa wala majani wenye uzito unaozidi tani moja walianza kupungua miaka kama milioni 4.6 iliyopita. Wakati huo mababu zetu hawakuwa na zana za mawe za kuchunia ngozi, achilia mbali mikuki. Kilichokuwa kikibadilika ni mimea: nyasi za nchi ya joto zilienea, vichaka na miti ikapungua, na waliozoea kula majani ya miti wakabaki na eneo dogo zaidi kila baada ya maelfu ya miaka. Kwa Afrika ya kale sana, basi, mtu hana kesi ya kujibu.

Wimbi la mwisho

Kesi inakuja baadaye. Kati ya miaka 50,000 na 10,000 iliyopita wanyama wakubwa walitoweka kwa kasi ambayo haikuwa ya kawaida, na hawakutoweka sawasawa kila mahali. Tukihesabu makundi ya mamalia wenye uzito unaozidi kilo 44, Australia ilipoteza karibu tisa katika kila kumi, Amerika Kusini nane, Amerika Kaskazini saba. Ulaya na kaskazini mwa Asia zilipoteza kama theluthi moja. Afrika ilipoteza kama moja ya tano tu.

Waliopotea hawakuwa wadogo. Huko Amerika Kusini kulikuwa na Megatherium, slothi wa ardhini, mnyama wa manyoya na kucha ndefu, wa tani kama nne, aliyeweza kusimama kwa miguu ya nyuma na kuvuta matawi. Australia ilikuwa na Diprotodon, mamalia mwenye mfuko kama kangaruu lakini mwenye uzito wa kifaru.

Upande mmoja wa mabishano unasema ni hali ya hewa. Miaka 21,000 iliyopita barafu ilifunika sehemu kubwa ya kaskazini, na maji mengi yakiwa yamegeuka barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 120. Barafu ilipoyeyuka, nyika baridi zenye nyasi alizokula mamothi zikageuka misitu na matope. Chakula kikaondoka chini ya miguu yake.

Upande wa pili unauliza swali gumu. Barafu imekuja na kuondoka mara nyingi, na miaka kama 125,000 iliyopita kulikuwa na kipindi cha joto kilichozidi hata cha leo katika maeneo mengi ya kaskazini. Mamothi alikipita. Kwa nini safari hii akashindwa? Tofauti, wanasema, ni kwamba safari hii alikuwapo mwindaji mwenye akili, moto na mkuki. Mmarekani Paul Martin ndiye aliyelitetea wazo hili kwa nguvu zaidi tangu miaka ya 1960. Alisema binadamu walipofika Amerika waliwafagia wanyama wakubwa kwa karne chache tu.

Wazo la Martin katika umbo hilo la kasi limepata pigo. Huko White Sands, New Mexico, zimepatikana nyayo za watu zenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 21,000 hadi 23,000, katika eneo lenye nyayo za slothi na mamothi pia. Kama watu walikuwapo mapema hivyo, basi waliishi na wanyama hao maelfu ya miaka kabla hawajaisha.

Kati ya ushahidi wote ninaoujua, unaonishawishi zaidi umetoka kwenye kinyesi. Kuna kuvu anayeitwa Sporormiella ambaye huota kwenye mavi ya wala majani. Spora zake, yaani vijimbegu vyake, humezwa pamoja na nyasi, hupita tumboni, humea kwenye kinyesi, kisha upepo na mvua huzipeleka ziwani, zikazama kwenye tope. Tope la ziwa hujipanga tabaka juu ya tabaka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mtaalamu akitoa nguzo ya tope anaweza kuhesabu spora kila tabaka na kujua lini eneo lile lilikuwa na wanyama wengi na lini walikwisha. Kando ya spora, tabaka hilohilo lina chavua za mimea na chembe za mkaa wa moto. Mambo matatu, wanyama, mimea na moto, yanasomwa kwenye kipande kimoja cha udongo, kwa mpangilio wa nani alitangulia.

Huko Lynch's Crater, Queensland, Australia, spora hizo zilishuka ghafla miaka kama 41,000 iliyopita. Baada ya hapo, wala si kabla, chembe za mkaa ziliongezeka na msitu wa mvua ukawapisha miti ya nchi kavu inayowaka haraka. Chavua hazionyeshi badiliko kubwa la hali ya hewa wakati ule. Watu walikuwa wameshafika Australia. Maana yake wanyama walitangulia kuisha, nyasi na majani yasiyoliwa yakarundikana, na moto ukapata kuni. Yeyote aliyeona pori la Nachingwea linavyowaka mwezi Septemba, nyasi zikiwa zimekauka kimo cha mtu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hesabu ya uzazi

Wanaopinga hoja ya mwindaji husema: mbona mifupa yenye alama za mikuki ni michache? Yako wapi machinjio? Swali ni zuri, na jibu lake ni lile deni la uzazi.

Tuchukue kundi la tembo 1,000. Tuseme majike wenye umri wa kuzaa ni 250, kila mmoja akizaa mara moja kwa miaka minne na nusu. Ndama wa mwaka ni kama 55. Vifo vya uzee, ugonjwa na ndama wachanga vikichukua 25, ziada ni 30. Wawindaji wakiua 30 kila mwaka, kundi linasimama palepale na hakuna atakayeona tofauti. Sasa ije miaka mibaya ya ukame: majike wenye njaa hawashiki mimba, ndama wanakufa, ile ziada inafutika. Wawindaji wakaendelea na 30 zao, bila kuongeza hata mmoja. Kabla miaka 34 haijatimia kundi limekwisha.

Tembo 30 kwa mwaka katika nchi yenye ukubwa wa mkoa ni mnyama mmoja kwa siku kumi na mbili. Hakuna machinjio makubwa ya kuacha. Mwindaji mwenyewe asingeona kuwa anamaliza kitu, maana upungufu wa mwaka mmoja hauonekani kwa macho. Swala na digidigi wanaozaa kila mwaka wangeuawa kwa wingi zaidi na bado wangekuwapo. Ndiyo sababu wimbi lile liliwachagua wakubwa na kuwaacha wadogo, jambo ambalo hali ya hewa peke yake hailielezi vizuri.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: pale ambapo hali ya hewa ilikuwa imewabana tayari, mkono wa mtu ulitosha kuwamaliza, na Australia inaonyesha kuwa wakati mwingine mkono huo haukuhitaji hata msaada wa ukame.

Na Afrika? Hapa mtu na mnyama walikua pamoja. Tembo, kifaru na nyati walimfahamu kiumbe huyu wa miguu miwili tangu alipokuwa akirusha mawe, wakazoea kumkimbia au kumshambulia kabla hajawa hodari. Huko Australia na Amerika alifika tayari ni fundi, kwa wanyama wasiomjua. Yapo pia magonjwa yetu: mbung'o na malale viliyafanya mapori makubwa, pamoja na yale ya Liwale, yasikaliwe na watu wengi wala mifugo.

Mfano wa upande wa pili uko karibu. Ukivuka mlango wa Msumbiji kutoka pwani ya Mtwara, unafika Madagaska. Huko kulikuwa na viboko wadogo na lemuri wakubwa, wanyama wa mitini wanaofanana na kima. Lemuri mmoja, Archaeoindris, alikuwa na uzito wa sokwe mkubwa wa milimani. Wengi wao walipungua katika miaka 2,000 ya mwisho, binadamu walipoenea kisiwani. Vipimo vya kaboni vya baadhi ya mifupa ya lemuri hao vinafika miaka kama 500 tu iliyopita. Yaani Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa imeshajengwa, majahazi yakienda na kurudi, na lemuri wakubwa wa mwisho wakiwa bado mitini ng'ambo ya pili.

Mamothi nao walichelewa kuisha kuliko tunavyodhani. Bara walikwisha miaka kama 10,000 iliyopita, lakini katika kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Urusi, wachache walidumu hadi miaka kama 4,000 iliyopita, baada ya piramidi kubwa za Misri kujengwa.

Ng'ombe wa bahari aliyeisha kwa miaka 27

Wavuvi wa Kilwa wanamjua nguva, ingawa wengi wa vijana hawajawahi kumwona akiwa hai. Nguva alikuwa na jamaa mkubwa kaskazini mwa bahari ya Pasifiki, mwenye urefu wa hadi mita 8 na uzito wa tani nane au zaidi. Novemba 1741 meli ya Vitus Bering, nahodha aliyeitumikia Urusi, ilikwama kwenye kisiwa kisicho na watu, na daktari wake, Georg Steller, akawa mwanasayansi wa kwanza na wa mwisho kumchunguza mnyama huyo akiwa hai. Alimwona akila mwani karibu na ufuko, mgongo nje ya maji, asiyeweza kuzama wala kukimbia. Aliandika kuwa jike aliponaswa kwa ndoana na kuvutwa pwani, dume wake alimfuata hadi ufukoni, akapigwa, hakuondoka.

Mabaharia walionusurika walirudi Urusi na habari za manyoya ya fisi-maji wa baharini, na msururu wa wawindaji ukafuata, wakila nyama ya ng'ombe huyo njiani. Mwaka 1768 aliuawa wa mwisho anayejulikana. Hata hapa sababu huenda hazikuwa moja: fisi-maji hula wale viumbe wa miiba wanaochoma miguu miambani, na viumbe hao hula mwani. Fisi-maji walipomalizwa kwa ajili ya manyoya, walaji wa mwani waliongezeka, na chakula cha ng'ombe wa bahari kikapungua wakati uleule anaochinjwa.

Nguva wetu huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitatu hadi saba. Jike mmoja akinaswa kwenye jarife kati ya Kilwa na Mafia, pengo lake halizibiki haraka.

Na tembo wa kusini wameshapitia hesabu hiyo mbele ya macho yetu. Sensa ya mwaka 1976 katika mfumo wa Selous, unaoingia hadi Liwale, ilikadiria tembo 109,000. Sensa ya 2013 ilikadiria 13,000. Hapakuwa na barafu iliyoyeyuka kati ya miaka hiyo; palikuwa na soko la pembe. Hata wangeongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka bila kukosa, ambayo ni kasi nzuri kwa tembo, kurudi idadi ya 1976 kungehitaji zaidi ya miaka 40.

Wakati huo wote watahitaji njia ya kupita, hasa miaka ya ukame, kutoka Selous kuelekea Ruvuma na Niassa ya Msumbiji. Njia hizo zinapita karibu na mashamba ya mahindi na mikorosho ya watu wa Liwale, Nachingwea na Nanyumbu, wanaokesha wakipiga madebe na kuchoma pilipili, na wanaosubiri kifuta jasho muda mrefu mno. Gharama ya kuwa na majitu ya mwisho duniani imewaangukia wao, nami naona ni dhuluma kuwalaumu wanapolalamika. Subira inayotakiwa ni ndefu kwa pande zote mbili: ndama jike waliozaliwa mwaka wa sensa ile, 2013, wengi wao ndio kwanza wameingia umri wa kuzaa.